Nilifuta Posti Yangu ya Mavi ya Farasi, na Hii Ndiyo Sababu

Wale mnanifuata tangu kitambo mnajua mimi huwa sifuti posti. Nikikosea mnanichapa kwa komenti, nacheka, tunasonga. Lakini wiki iliyopita nilifuta moja, na wengi mmeniuliza kwa inboksi kama nimelipwa, nimetishwa ama nimeokoka. Hakuna. Niliifuta kwa sababu nilisema uongo nikiwa na grafu mkononi. Na uongo wenye grafu ni mbaya kuliko ule wa kawaida, maana watu huuamini bila kuuliza.

Stori ilikuwa hivi.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina hazina ya takwimu inaitwa FAOSTAT. Mtu yeyote mwenye bando anaingia bure. Unachagua nchi, unachagua kitu, unachagua mwaka, inakuchorea mstari. Humo ndani kuna vitu hungewahi kudhani kuna mtu ofisini ameketi akiviandika. Kimoja ni kiasi cha naitrojeni kwenye samadi ya farasi inayosimamiwa, nchi kwa nchi, kuanzia 1961. Mimi nikaona hapa kuna kichekesho cha bure. Mavi ya farasi, miaka 60, nchi mbili zikishindana kama ligi ya mpira. Nani anapita hiyo?

Nikachagua Marekani, maana huwezi kosa Marekani kwa mashindano yoyote. Halafu nikachagua Ethiopia, majirani wetu hapo juu ya Moyale, kwa sababu ndio wenye farasi wengi zaidi Afrika. Ni karibu milioni 2. Wengi wenu hamkujua hiyo. Hata mimi sikujua.

Mstari wa Marekani ukatokea juu huko. Wa Ethiopia chini kabisa, na tena umeanza 1993. Nikapiga skrinshoti, nikaandika mambo matatu kwa ujasiri wa mtu ambaye hajasoma maelezo. Moja, Wamarekani wanajua kusimamia samadi na sisi Waafrika tunaiacha tu huko nje. Mbili, Ethiopia waliingia kwa mchezo wa farasi juzi juzi. Tatu, "takwimu hazidanganyi."

Ikapendwa balaa.

Halafu dada mmoja Mhabeshi anayesoma chuo hapa Nairobi akaniandikia. Hakunitukana. Aliuliza tu: "1993? Nyanya yangu alikuwa na farasi wakati wa Haile Selassie. Hao farasi walienda wapi?"

Nikakosa jibu. Kwa hiyo nikafanya kile nilipaswa kufanya mwanzo, nikasoma. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Nchi inaweza kuzaliwa katikati ya grafu

1993 ndiyo Eritrea ilipata uhuru. Mpaka 1992, Ethiopia na Eritrea zilikuwa nchi moja kwenye vitabu vya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo FAOSTAT wana Ethiopia mbili: ile ya zamani inayoishia 1992, na hii ya sasa inayoanza 1993. Ukichagua hii ya sasa peke yake, kama nilivyofanya, kompyuta inakuchorea nchi isiyokuwa na farasi hata mmoja, halafu ghafla usiku mmoja wanaanguka kutoka mbinguni kwa mamilioni.

Farasi hawakwenda popote, walikuwa milimani kwao. Kilichobadilika ni mpaka na jina la faili.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na ndilo dogo.

Hakuna mtu aliyepima hayo mavi

Hapa ndipo nilicheka peke yangu saa saba usiku. Nilidhani kuna watu wenye magwanda meupe na mizani wanazunguka mazizini. Wapi! Namba hizo zinapatikana kwa hesabu. Unachukua idadi ya farasi wa nchi, unazidisha kwa uzito wa farasi mmoja wa kukadiria, unazidisha kwa kiasi cha naitrojeni ambacho farasi wa eneo hilo anadhaniwa kutoa kwa siku. Hizi namba mbili za kuzidishia zinatoka kwenye miongozo ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, ya mwaka 2006.

Kwa miongozo hiyo, farasi wa nchi tajiri ana kilo 377. Farasi wa nchi inayoendelea ana kilo 238. Wa Marekani Kaskazini anatoa naitrojeni kilo 0.30 kwa siku kwa kila kilo 1,000 za uzito wake. Wa Afrika anatoa kilo 0.46.

Chukua simu ufanye hesabu na mimi. Mwamerika: 377 mara 0.30, gawa kwa 1,000, mara siku 365. Unapata kama kilo 41 za naitrojeni kwa mwaka. Mhabeshi: 238 mara 0.46, gawa kwa 1,000, mara 365. Unapata kama kilo 40.

Umeona? Mmoja ni mkubwa, mwingine mdogo, lakini kwenye karatasi wanatoka sare. Na namba hizo hazibadiliki. Farasi wa 1961 na farasi wa leo, kwa hesabu hii, wamekula sawa na wameenda haja sawa.

Sasa hebu fikiria ukweli wa mambo. Naitrojeni ya samadi inatoka kwa protini ya chakula. Farasi wa mbio kule Kentucky anakula lusani na shayiri iliyopimwa, na daktari wake. Farasi wa mkokoteni kule Ethiopia anakula majani makavu na mabaki ya mavuno, halafu anavuta mzigo mchana kutwa. (By the way, huo mkokoteni wa kubeba abiria wao wanauita "gari." Neno ni lile lile. Siku hizi kwenye miji mingi tuktuk zinauchukulia kazi, lakini bado upo.) Mwaka wa kiangazi huyo farasi anakonda mpaka unahesabu mbavu. Grafu haijui kiangazi. Grafu inampa kilo zake 40 na kusonga mbele.

Simaanishi hesabu hiyo ni ya kipumbavu. Huwezi kupima kila zizi duniani, na bila makadirio ya aina moja nchi maskini zisingekuwa kwenye jedwali kabisa. Shida ni sisi tunaoichukua tukidhani ni kipimo. Kama uzito na kilo za naitrojeni hazibadiliki, basi mstari ukipanda ama ukishuka, kwa sehemu kubwa unaangalia kitu kimoja tu: idadi ya farasi.

Kwa hiyo swali linakuwa moja. Nani aliwahesabu?

Farasi wa Marekani ni wangapi? Inategemea umemuuliza nani

Wizara ya Kilimo ya Marekani hufanya sensa ya kilimo kila miaka mitano. Ya 2017 ilipata farasi kama milioni 2.8. Lakini hao ni wale walio kwenye mashamba tu. Farasi wa mtoto wa daktari anayefugwa nyuma ya nyumba hayumo. Mwaka huo huo wa 2017, utafiti wa wadau wa sekta ya farasi wenyewe ulisema ni milioni 7.2. Na FAO kwa miaka mingi wamekuwa wakiandika takriban milioni 10.

Nchi moja, namba tatu. Na hii ni nchi yenye setilaiti.

Rudi kwa hesabu yetu ya kilo 41. Kwa milioni 10, Marekani ina tani 410,000 za naitrojeni kwa mwaka. Kwa milioni 7.2, ni kama tani 295,000. Kwa milioni 2.8, ni kama tani 115,000. Ethiopia kwa farasi wake milioni 2 ina tani 80,000. Hii ni naitrojeni yote wanayotoa farasi, kabla hujagawanya iliyosimamiwa na isiyosimamiwa. Kwa namba ya kwanza Marekani inaipiga Ethiopia mara tano. Kwa namba ya mwisho pengo limebaki kidogo tu. Farasi ni wale wale, mavi ni yale yale. Umebadilisha tu nani ameshika kalamu ya kuhesabu.

Halafu kuna hii ya 1961. Nilidhani kuanzia 1961 ni zamani sana. Kumbe tumeingia sinema ikiwa imebaki dakika kumi. Karibu na 1920, Marekani ilikuwa na farasi na nyumbu kama milioni 25. Walilima, walibeba, na samadi yao ilirudi shambani. Kisha trekta ikaja. 1954 trekta kwenye mashamba ya Marekani zilizidi farasi na nyumbu kwa mara ya kwanza. Kufikia 1960 walibaki kama milioni 3, na wizara ikaacha kuwahesabu kila mwaka. Mwaka mmoja baadaye ndipo jedwali la FAO linaanza.

Yaani anguko kubwa kabisa la samadi ya farasi katika historia ya nchi hiyo halimo kwenye grafu yangu. Na pengo hilo lilizibwa na nini? Kwa sehemu kubwa, mbolea ya kiwandani. Wajerumani wawili, Fritz Haber na Carl Bosch, waligundua jinsi ya kunasa naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea, na kiwanda cha kwanza kikafunguliwa Oppau 1913. Huo ndio ukoo wa ule mfuko wa urea uko kwa duka la pembejeo mtaani kwenu.

"Iliyosimamiwa" sio sifa

Hili ndilo kosa lililonifanya nifute.

Niliposoma "samadi inayosimamiwa" nilidhani ni pongezi. Yaani hawa wamejipanga, wale ni wachafu. Lakini kwenye jedwali hilo, samadi inayosimamiwa ni ile tu iliyokusanywa na kuwekwa mahali kabla ya kwenda shambani: kwenye lundo, kwenye shimo, kwenye dimbwi, kwenye mtambo wa gesi. Ile mnyama aliyoiangusha mwenyewe akila majani inaandikwa kwenye safu nyingine, ya malisho. Ndiyo hiyo tofauti. Hakuna mwalimu anayetoa maksi.

Na mara nyingine kusimamia vibaya kunaumiza zaidi. Lundo likikaa wazi, naitrojeni yake nyingi hutoroka kama amonia, ile harufu inayokuchoma pua. Nyingine hugeuka naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 260 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito huo huo. Nyingine huoshwa na mvua hadi mtoni. Kwa hiyo nchi inaweza kuwa juu sana kwenye grafu ya "iliyosimamiwa" na shamba lisione kitu.

Pia kuna wanaoitumia vizuri kweli. Pale Kennett Square, Pennsylvania, mji unaojiita mji mkuu wa uyoga duniani, wakulima huchukua nyasi chafu za kulalia farasi kutoka mazizi na viwanja vya mbio, wanaziozesha, wanaoteshea uyoga. Mavi ya farasi wa tajiri yanaishia kwenye pitsa. Hiyo naipenda.

Na Ethiopia sehemu nyingi za nyanda za juu, kinyesi cha mifugo, hasa ng'ombe, hukaushwa kikawa kuni kwa sababu miti imeisha. Ukikichoma, chai inachemka, lakini naitrojeni inapaa na moshi na shamba linabaki na njaa. Huyo mama hajashindwa kusimamia samadi. Anachagua kati ya ugali wa leo na mavuno ya mwakani, ingawa kwao ni injera. Mimi nilimwita mzembe mbele ya watu elfu kadhaa, kwa skrinshoti moja. Ndiyo maana nilifuta.

Sasa sisi Wakenya tunaingilia wapi?

Sisi hatuna farasi wengi. Mbung'o na ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi viliwazuia sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, wakati baridi ya milima ya Ethiopia iliwakinga wao na mbung'o. Kwa wengi wetu farasi ni Ngong Racecourse ama picha ya Mombasa ufuoni.

Lakini punda tunao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8. Ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Katikati hapo, kuanzia 2016, tulifungua vichinjio vya punda, ngozi zikawa zinaenda China kuchemshwa kuwa dawa ya ejiao, na wezi wakawa wanaiba punda usiku, mpaka serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo 2020.

Sasa chora grafu ya naitrojeni ya samadi ya punda wa Kenya. Inashuka vizuri sana. Mtu aliyeketi ng'ambo akiiona atasema, "Hongera Kenya, mmepunguza uchafuzi." Muulize mama wa kuuza maji ambaye aliamka akapata kamba tupu. Yeye aliupata huo upungufu mgongoni, na mtungi juu yake.

Hii ndiyo sababu nakasirika, wasee. Haya majedwali hayabaki kwa kompyuta. Yanaingia kwenye mikutano ya tabianchi, kama ule tulioandaa hapa Nairobi Septemba 2023. Yanaamua nani anaitwa mchafuzi, nani anapewa pesa, nani anaambiwa apunguze mifugo. Kama kizazi chetu kitakuwa cha kuchukua skrinshoti na kuandika "takwimu hazidanganyi," tutashindwa kujitetea kwa mambo ambayo yako wazi.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria. Kabla sijalinganisha nchi mbili, nauliza: nani alihesabu, na amewaacha nani nje? Namba hii imepimwa ama imezidishwa? Mstari umeanza lini, na nini kilitokea kabla? Na lile neno la kichwani, kama "iliyosimamiwa," linamaanisha nini kwa hao walioliandika? Haichukui hata dakika kumi. Mimi ningejiokolea aibu ya wiki nzima.

Shosho na gunia tatu

Jumamosi nilienda kwa shosho, Nyandarua. Nikamweleza hii stori yote. Akasikiza akichambua maharagwe, halafu akauliza, "Na hiyo naitrojeni ya farasi mmoja ni gunia ngapi za mbolea?"

Hilo ndilo swali ambalo sikuwahi kuuliza kwa siku zote hizo. Nikafanya hesabu. Mfuko wa CAN wa kilo 50 una naitrojeni kama kilo 13. Kilo 40 za farasi mmoja ni mifuko mitatu. Kwa urea, yenye kilo 23 kwa mfuko, ni karibu miwili. Si kwamba yote inafika shambani, maana nyingi iko kwenye mkojo na nyingi hutoroka, lakini hiyo ndiyo thamani ya kinachoanguka chini. Farasi wote wa Ethiopia kwa pamoja, kwa mwaka, ni kama mifuko milioni 3.5 ya urea.

Shosho hana farasi. Ana ng'ombe wawili na mbuzi. 2022, mfuko wa mbolea ulipofika zaidi ya elfu sita, alipanda nusu shamba. Bei ya ruzuku ikaja, elfu tatu na mia tano, baadaye elfu mbili na mia tano. Halafu 2024 tukasikia za mbolea feki. Miaka hiyo yote, lundo la samadi lilikuwa hapo nyuma ya boma, wazi, likinyeshewa.

"Kumbe hiyo harufu ni pesa yangu inaenda," akasema.

Tukalifunika siku hiyo. Tulichanganya na majani makavu ya mahindi, tukainua juu ya ardhi kidogo ili maji ya mvua yasipite chini, tukaweka karatasi ya nailoni juu na mawe pembeni. Nilichafuka mpaka masikio. Shosho akanipiga picha na simu yake, akaniambia niiweke kwa hizo vitu zangu.

Kwenye jedwali la FAO, Kenya haitasogea hata milimita kwa sababu ya lundo la shosho. Ng'ombe ni wawili kama jana. Lakini mwaka huu huenda akapunguza mfuko mmoja dukani, na hiyo kwangu ni takwimu tosha.

Kwa yule dada wa chuo: asante, na pole. Nyanya yako alikuwa na farasi. Nimerekebisha.

Na nyinyi wengine, kwenu nyumbani samadi inaenda wapi? Inafunikwa, inachomwa, inauzwa ama inanyeshewa tu? Niambieni hapo chini. Safari hii nitasoma komenti kabla ya kuchora grafu.